Mbaruti wa Valencia

Katika jamii ya mibaruti, mimea ambayo mkulima wetu huing'oa kwa jembe na kuitupa nje ya ua, umo mmoja ambao watu wa kandokando ya bahari ya Mediterania wameulea mpaka ukawa chakula cha heshima. Waarabu huuita al-kharshuf. Majani yake ni mapana, yamechanika pembeni, na rangi yake ni ya kijani iliyonyunyiziwa jivu. Shina lake huweza kufika kimo cha mtu mzima, na juu yake hukaa tumba kubwa mfano wa ngumi, lililovikwa magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Tumba hilo ndilo liliwalo, kabla halijafunuka. Likiachwa hupasuka na kutoa ua la zambarau lenye nyuzi nyingi, la kupendeza mno kwa macho, lakini kwa mpishi limekwisha kupotea.

Wahispania waliupokea mmea pamoja na jina lake, nao husema alcachofa. Waitaliano husema carciofo. Kwa Waingereza jina lilifika likiwa limechoka na safari, likawa artichoke. Aliyesoma chuoni akakaa na herufi za Kiarabu hana haja ya kuelezwa zaidi. Alifu na lamu za mwanzo zimekaa pale pale zilipoachwa. Mimi katika makala haya nitauita mkharshufu, na tumba lake kharshufu, kwa kufuata mwendo wa lugha yetu.

Binti yangu na mumewe wanaishi mjini Valencia, mashariki mwa Hispania, ambako mkwe wangu anasoma. Mwezi wa Shaabani, uliosadifu Februari 2025, mimi na ahali yangu tulikwenda kuwatazama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa majumba na minara, maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuiwaza Andalusi: Cordoba na msikiti wake, Granada na kasri lake jekundu. Valencia haina mambo mengi ya namna hiyo ya kumwonyesha mgeni. Ina mashamba. Ukipanda treni ya mjini kuelekea kaskazini, dakika chache tu, magorofa hukoma kwa ghafla kama ukuta uliokatwa, na mbele yako hutandaa ardhi tambarare iliyogawanywa vijisehemu vidogo, kila kimoja kimezungukwa na mifereji ya maji. Wenyewe huiita Huerta. Mji wenyewe ulijengwa kando ya mto Turia, lakini leo mto haupo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1957 ulipitishwa kwenye njia mpya upande wa kusini, na tumbo la mto wa zamani likageuzwa bustani ndefu ambamo watoto hucheza mpira.

Majina ya vibao njiani yalimfanya ahali yangu acheke. Mahali kadhaa huanza na Beni, yaani Bani, watoto wa fulani. Liko ziwa linaloitwa Albufera, nalo ni al-buhaira, kibahari. Na katika maneno ya kila siku binti yetu alitutajia mengine ambayo sisi tunayo pia, tuliyoyapata kwa njia nyingine: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zaituni. Meya wa mji huitwa alcalde, na asili yake ni kadhi. Nauli iliyoandikwa kituoni ni tarifa, ndugu wa taarifa yetu. Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya jamaa wa mbali akakuta vyombo vya bibi yake rafuni.

Mji mdogo wa Alboraya, uliopo ukingoni mwa mashamba hayo, umepata sifa kwa kinywaji cheupe kitokanacho na vijikokwa vya mmea ambao ni ndugu wa ndago. Huvisaga kwa maji na kukamua tui lake, kisha hutia sukari. Sisi ndago tunailaani mashambani, wao huinywa kwa barafu.

Mkulima tuliyemkuta huko ni mzee wa miaka 74, jirani wa rafiki ya mkwe wangu. Hana shamba kubwa. Kwa kukadiria kwa macho halifiki eka mbili. Nusu yake ni vitunguu na kabichi, na nusu ni mikharshufu. Alitupokea kwa adabu, akamvulia kofia ahali yangu, na alipofahamu kwamba mimi ni mtu wa vitabu alisema kwa kupitia binti yangu kwamba basi itambidi aeleze polepole. Sikujua alikusudia sifa au mzaha. Nilikubali yote mawili.

Mkharshufu, alieleza, si mmea wa mwaka mmoja. Shina la juu hufa lakini kisiki hakifi. Mavuno yakiisha mwezi wa Mei au Juni, mkulima huufungia maji kwa makusudi, na jua la kiangazi huukausha mpaka mpita njia akadhani umekwisha. Huo ndio usingizi wake. Mwishoni mwa Julai au mwezi wa Agosti hukata mabua makavu, hufungua maji tena, na baada ya siku chache kisiki hutoa macho mapya. Katika wakati huo huo, anayetaka kupanda shamba jipya huchimbua visiki vilivyolala, huvipasua kila kipande na jicho lake, na kuvipanda kwa umbali wa kama mita moja. Mbegu wengi hawaitumii, kwa sababu mche wa mbegu aghalabu haufanani na mama yake. Huweza kurudia asili ya ukoo, ukatoa miiba mikali na tumba dogo. Kipande cha kisiki hubeba sifa za mama yake bila kupunguza. Hili wanalijua vyema wapanda migomba wetu, na wapanda mitende wa Basra na Madina. Chipukizi la mtende linalotengwa na mamaye huitwa kwa Kiarabu fasila, na ndilo neno lililomo katika hadithi mashuhuri ya mtu ambaye Kiama kinamkuta na mche mkononi.

Kazi iliyobaki ni ya subira zaidi kuliko nguvu. Kisiki hutoa machipukizi mengi kwa pupa, na ukiyaacha yote, kila moja hupata kidogo na hakuna linalozaa vizuri. Mzee huyang'oa kwa mkono wakati wa vuli, akiacha moja au mawili yenye afya katika kila shina. Udongo hupenda uwe wa kina, wenye samadi iliyooza sawasawa. Maji hupenda yawe mengi, lakini yapite. Yakituama, mizizi huoza, na mmea unaoweza kuishi miaka mitatu au minne na zaidi hufa katika mwaka wake wa kwanza. Adui zake ni vidukari, wanaojificha ndani ya magamba, na konokono, na usiku wa umande ulioganda. Hilo la mwisho huchubua ngozi ya tumba likawa kama lililobabuka kwa moto. Alitukatia moja lililobabuka hivyo akatuonyesha ndani. Lilikuwa jeupe na zima kabisa. Wanunuzi wa dukani huyakataa ya namna hiyo kwa sura, naye huyala mwenyewe.

Mavuno huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka majira ya kuchipua. Tumba la kileleni huja kwanza, nalo ndilo kubwa. Ya matawini hufuata yakiwa madogo na laini. Huchumwa likiwa limefumbana, na ukilibana kiganjani hulia kama ngozi ya kiatu kipya.

Nawageukia sasa mama zetu na dada zetu, maana ahali yangu hatanisamehe nikilipita jiko. Kharshufu moja ikiwekwa mezani hudhaniwa ni chakula cha kutosha, kumbe nusu na zaidi ni maganda. Huondolewa magamba ya nje mpaka yafikiwe yale ya rangi ya kijani kibichi chepesi, hukatwa ncha, na likiwa limekomaa hukwanguliwa manyoya yaliyo katikati, maana yanakwama kooni. Kisha lisugue kwa ndimu upesi, kwa kuwa likikutana na hewa huwa jeusi kama ndizi mbichi iliyomenywa. Njia ya mkulima ni nyepesi kuliko zote: huyafunua magamba kidogo kwa kidole, hutia chumvi na mafuta ya zeituni, na kuyasimamisha juu ya makaa mpaka nje iungue na ndani iwe laini. Binti yetu huyakata vipande na kuyapika katika wali pamoja na kuku na zafarani, na wenyeji nao hufanya hivyo wakati wa msimu wake. Ahali yangu alijaribu kwa tui na bizari. Sitasema zaidi ya kwamba sufuria ilirudi tupu.

Liko jambo la ajabu katika mboga hii. Ukiisha kuila, maji unayokunywa baadaye huwa matamu, kama yametiwa asali kidogo. Wanaofahamu elimu ya vyakula husema ni kazi ya sinarini, kitu kilichomo ndani ya mmea, kinachogusa ulimi. Mjukuu wangu wa miaka mitano alikunywa bilauri tatu ili kuhakikisha.

Na kwa wale wanaoniuliza mara kwa mara juu ya jibini za dukani, na kiungo cha kugandishia maziwa kitokacho tumboni mwa ndama asiyejulikana alichinjwa vipi: huko Hispania na Ureno ziko jibini za kale zinazogandishwa kwa ua la mkharshufu mwitu, nduguye huyu wa bustani. Nyuzi za zambarau hukaushwa, huloweshwa majini, na maji hayo huchujwa ndani ya maziwa ya kondoo. Torta del Casar ya mkoa wa Extremadura hufanywa hivyo. Soma karatasi ya nje kabla ya kununua, maana si zote ziko hivyo.

Siku ya Alhamisi binti yetu alitupeleka mjini kutazama mahakama ya maji. Hukaa kila Alhamisi saa sita mchana, nje, mbele ya mlango wa kanisa kuu unaoitwa Mlango wa Mitume. Kanisa hilo limesimama mahali palipokuwa msikiti mkuu wa mji. Viti huwekwa kwa duara uwanjani, na mahakimu wanane waliovaa kanzu nyeusi fupi huketi, kila mmoja akiwakilisha mfereji mmoja miongoni mwa mifereji mikuu inayochota maji ya Turia. Si wanasheria. Ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Mtumishi wa mahakama husimama na kuita kwa sauti mfereji mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama yupo mwenye kushtaki. Cheo chake ni alguacil, na asili ya neno ni al-wazir. Mawaziri nao wameshuka daraja katika safari za maneno. Kesi ikiwepo husikilizwa kwa mdomo tu, bila wakili, na hukatwa papo hapo. Mkuu wa mahakama humwonyesha kwa mguu mwenye zamu ya kusema. Hakimu wa mfereji unaohusika hanyanyui neno katika hukumu, ili asiwapendelee jirani zake. Hakuna rufani.

Wenyeji husimulia kwamba asili ya baraza hilo ni zama za makhalifa wa Cordoba, na mwaka 1960 walisherehekea miaka yake 1,000. Mwaka 2009 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za wanadamu. Mimi nilipokuwa nimesimama pale nilimkumbuka Zubayr bin al-Awwam na jirani yake Muansari, waliogombana juu ya mfereji wa al-Harra mjini Madina, wakapelekana kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Hukumu ya kwanza ilikuwa Zubayr anyweshe shamba lake kisha amwachie jirani maji. Mtihani ulikuwa ndani ya nyoyo zaidi kuliko ndani ya maji, kama wanaoijua hadithi hiyo wanavyokumbuka.

Siku ile hapakuwa na mshitaki. Mtumishi aliita mifereji yote, kila mara akanyamaza kidogo, na baraza likafungwa kabla hata ya dakika kumi. Watalii walisikitika, wakaona wamepunjwa. Yule mkulima wetu, binti yangu alipomwambia jioni, alisema kwamba hiyo ndiyo Alhamisi njema. Sisi tulikwenda nyumbani kungoja adhuhuri, ambayo huko wakati huo huingia baada ya saa saba na robo.

Yanipasa sasa niseme lililonisumbua. Valencia ilitwaliwa na Mfalme Jaume wa Aragon mwaka 1238. Waislamu wengi wa mjini walihama, na mashamba ya Huerta yakagawiwa walowezi. Mwaka uliofuata mfalme aliwapa watu wake mifereji, akaamuru maji yaendelee kugawanywa kwa desturi ile ile ya zama za Waislamu. Nje ya mji na milimani Waislamu walibaki kwa karne nyingi, wakalazimishwa kubatizwa katika miaka ya 1520, na Septemba 1609 ikatoka amri ya kuwafukuza wote. Kutoka Valencia peke yake walivushwa zaidi ya watu 100,000, wengi wao mpaka Oran. Katika amri ile ile palikuwa na kifungu kinachoruhusu nyumba 6 katika kila 100 zibaki, ili wafundishe wageni kutunza nyumba, viwanda vya sukari, mavuno ya mpunga na mifereji. Yaani waliotia muhuri walijua wazi wanachokipoteza, na wakatia muhuri. Wengi katika hao waliopewa ruhusa ya kubaki hawakutaka kutengwa na jamaa zao.

Sisi hupenda kuililia Andalusi. Nimezisikia kasida nyingi katika maulidi na mikutano, nami mwenyewe nimetoa darasa juu yake hata wanafunzi wakatokwa na machozi. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza, katika darasa hizo, ni nani anayezibua mifereji. Mzee yule, ambaye si wa dini yetu na hadai nasaba na mtu yeyote wa zamani, huamka alfajiri wakati wa zamu yake, hufungua mlango wa mbao, hunywesha mistari yake, kisha huufunga ili maji yamfikie wa chini yake. Majina ya vifaa vyake ni ya Kiarabu naye hana habari. Nilimweleza kwamba mfereji wake, acequia, ni as-saqiya, yenye kunywesha. Alifikiri kidogo, akasema ni jina zuri, kwa sababu kweli unanywesha. Kwangu mimi, yeye ana haki ya turathi ile kuliko mimi niliyekwenda nayo katika daftari. Wapo mashekhe wenzangu watakaolipinga neno hili, na mlango wangu uko wazi.

Na turathi hiyo iko hatarini, si kwa upanga. Mji umekuwa ukiila Huerta kipande kwa kipande kwa miaka mingi, kwa barabara, maghala na nyumba. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya mkoa kuilinda, na 2019 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu wake wa maji. Kisha ikaja siku ya 29 Oktoba 2024. Mvua kubwa ilishuka milimani, mafuriko yakapita vitongoji vya kusini ya mji, na zaidi ya watu 200 wakafa katika mkoa huo. Miezi mitatu na nusu baadaye, tulipopita upande huo kwa basi, tope lilikuwa bado limeganda ukutani kupita urefu wa milango. Upande wa kaskazini anakolima mzee ulisalimika. Binamu yake alikuwa kusini. Alinusurika yeye na mkewe, shamba likabaki chini ya udongo na magari yaliyosombwa. Lakini mzee alisema kwamba kinachomtisha zaidi si maji. Wanawe wawili hufanya kazi maofisini, na mashamba matatu yanayopakana na lake yana majani marefu. Mfereji unaotumiwa na watu wachache husafishwa na watu wachache, na wa mwisho hubeba mzigo wa wote.

Ahali yangu aliuliza swali ambalo kila msomaji mwenye ua nyumbani atauliza: je, tungeweza kuupanda kwetu? Jibu ni kwamba pwani yetu haiufai. Mkharshufu huhitaji majuma ya baridi ndipo utie matumba vizuri, na usiku wa Mombasa hauna baridi hiyo. Utatoa majani ya fahari na huenda usitoe kingine. Mwenye jamaa Limuru au Nyahururu aweza kujaribu kule juu, penye udongo wa kina usiotuamisha maji, akipanda kwa nafasi na kuupa mwaka mzima kabla ya kuuhukumu.

Kwa binti yetu mzee alikata machipukizi mawili kwa kisu, yenye kipande cha kisigino na mizizi michache, akayazungushia gazeti lililoloweshwa. Akamwagiza atafute vyungu vikubwa kuliko anavyodhani vinatosha, avitoboe chini, avikalishe upande wa roshani unaopata jua la asubuhi, na katika mwaka wa kwanza akate tumba lolote litakalotoka likiwa dogo ili mzizi upate nguvu. Tulipokuwa tukitoka alituonyesha mwisho wa shamba mistari miwili mipya aliyoipanda Agosti iliyotangulia, kwa visiki vya shamba lake mwenyewe. Binti yangu alimwuliza, kwa upole, ni nani atakayeichuma katika mwaka wake wa nne. Mzee alitazama mfereji, akasema zamu yake ya maji ni Jumanne saa kumi na moja alfajiri, na akatuomba radhi kwamba hataweza kutukaribisha chakula cha usiku wa Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo hulala mapema.